Nusu ya Kwanza

Watu wa Mvukeni hawakufungua kitu kwa ufunguo mmoja. Milango ya maghala yao ilikuwa na matundu mawili ya ufunguo, stoo ya shule matundu mawili, na hata kabati la sukari katika kantini ya mtambo lilitaka watu wawili, jambo lililowafanya wageni wanywe chai isiyo na sukari na kuondoka wakidhani wenyeji ni wachoyo. Hawakuwa wachoyo. Waliishi juu ya visima vya mvuke, kwenye miteremko ya Rungwe ambako ardhi inachemka chini ya migomba, na umeme wa nusu ya nchi ulitoka hapo. Kisima kilifunguliwa na watu wawili waliosimama jukwaa moja, kila mmoja na ufunguo wake, kwa kuwa mtu mmoja huweza kusinzia, au kulewa, au kuamka na hasira zake. Desturi hiyo ikatoka visimani ikaingia mitaani, kutoka mitaani ikaingia majumbani, na kwa kuwa hakuna aliyeisimamisha mlangoni kuiuliza inakwenda wapi, mwishowe ikaingia hospitalini.

Ambokile alikuwa mshika ufunguo wa kisima cha nne. Asubuhi hiyo alikaa kwenye benchi la korido ya hospitali akiwa na mabuti ya kazini miguuni, na damu ya mkewe imemkaukia kwenye mkono wa shati.

Mkewe, Atuganile, alikuwa amepata mimba ya tatu ambayo hakuitaka. Alimwambia mumewe hivyo jikoni, huku akimenya ndizi, bila kuzungukazunguka. Ipyana alikuwa bado ananyonya, Tumpe ndiyo kwanza ameanza shule, na yeye mwenyewe alikuwa hajarudi katika mwili wake. Ambokile alinyamaza siku mbili nzima, kisha akasema sawa, na ilikuwa sawa ya kweli hata kama ilimtoka kwa taabu. Sheria ya miaka hiyo iliruhusu. Atuganile alipewa vidonge zahanati, akavitumia nyumbani, na kwa wanawake wengi mambo huishia hapo. Kwake hayakuishia hapo. Mimba haikutoka yote, damu ikagoma kukatika, na alfajiri ile Ambokile alimkuta amekaa sakafuni bafuni, uso umepauka, anaomba radhi kwa kuchafua.

Njia ya haraka ya kufika hospitali ilikuwa kiberenge cha ukaguzi, kile kigari kinachoteleza juu ya reli sambamba na bomba kuu la mvuke. Kiberenge nacho kilikuwa na kufuli la funguo mbili. Ambokile hakuwa na muda wa kumwamsha mwenye ufunguo wa pili. Alilivunja kwa spana, akampakata mkewe kama mtoto, na wakashuka mlima kwa kasi ambayo mtu mwenye akili timamu asingeithubutu.

Mlango wa chumba cha upasuaji mdogo ukafunguka na Sista Perusi akatoka, mama wa makamo kutoka Musoma, mwenye sauti kubwa ambayo hakuwahi kujifunza kuipunguza. Alivua barakoa na kumwambia kwamba wameshamsafisha, damu imekatika, kizazi chake kizima, na sasa amelala. Akaongeza kwamba kama wangechelewa kidogo tu angekuwa anamwambia maneno mengine.

Ambokile alitaka kusema asante. Kilichotoka hakikuwa neno. Alishika mkono wa yule mama kwa mikono yake miwili, akauinamia, na machozi yakamtoka pale koridoni, mbele ya wafagizi na wagonjwa wa macho. Sista Perusi alimwacha alie mpaka alipotosheka, kisha akamwambia akanawe, mkewe akiamka asione damu hiyo.

Kunawa alinawa. Ila shukrani haikuondoka na maji. Ilimjaa mpaka kifuani, ikamkosesha pa kukaa, akawa anatembea koridoni huku na huko akitafuta cha kufanya nayo. Mtu wa namna hiyo, aliyepewa kitu kikubwa na hana wa kumlipa, ni hatari kidogo. Na mwisho wa korido kulikuwa na kibanda cha Ubia.

*

Kibanda chenyewe kilipakwa rangi ya chungwa, kina kiti kimoja na sauti tamu ya mwanamke ambaye hayupo. Baraza la mji lilikiweka hapo makusudi, jirani na wodi ya kina mama, na huduma ilikuwa bure.

Ubia ulikuwa dawa ya uzazi wa mpango ya watu wawili. Vijiti vya zamani vilipandikizwa kwenye mkono wa mwanamke peke yake, vikamwaga homoni ya kutosha kuzuia mimba, na yeye peke yake akabeba kichefuchefu, uzito, na maumivu ya kichwa. Ubia uliigawa kazi. Kijiti kimoja kiliingia mkono wa mke, kikampa nusu dozi. Cha pili kiliingia mkono wa mume, kikapunguza mbegu zake kwa kiasi kilichobaki. Nusu moja haikuzuia chochote. Zikikutana ndipo zinatosha. Na kwa kuwa mmoja akikitoa chake kimyakimya mwenzake angebaki anajidanganya, mafundi waliweka kufuli: kijiti hakitoki mkononi mpaka mwenza aweke dole gumba lake kuridhia. Mvukeni walipolisikia hilo la kufuli walipiga makofi. Waliona hatimaye sayansi imeanza kufikiri kama wao.

Kisha wanaume wa mji wakaongeza la kwao, ambalo mafundi hawakulitarajia. Kisimani, mshika ufunguo hodari ndiye anayechomeka wa kwake kwanza na kumngoja mwenzake. Ni ishara ya kumwamini, na watu huheshimiana kwayo. Basi waume wakaanza kuketi kibandani wake zao wakiwa bado wamelala wodini, wanawekwa kijiti chao kabla, na kutoka na plasta ya chungwa mkononi. Waliiita nusu ya kwanza. Mwenye plasta hiyo alipigwapigwa mabegani kwa pongezi kazini wiki nzima.

Ambokile alifikiria maumivu ya kichwa ya Atuganile. Mwaka mzima mkewe alikuwa na kijiti cha kawaida, na mwaka mzima kichwa kilimgonga hadi akawa anapika amefumba jicho moja. Ndiyo maana alikitoa, na mimba ikaingia wakiwa bado wanajadiliana kitakachofuata. Sasa hapa kulikuwa na chombo kinachosema: mpe nusu mumeo abebe. Ambokile angebeba yote kama ingewezekana. Alikaa kitini, akakunja mkono wa shati.

Ile sauti ilimpongeza. Ilimtajia madhara yanayoweza kutokea, haraka haraka, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni huku amechelewa kwenda nyumbani. Ikamwambia kwamba nusu isiyo na mwenziwe hufanya kazi kwa nguvu zaidi siku za mwanzo. Ambokile aliitikia ndiyo kwa kila kitu. Alisikia kama kuumwa na siafu mara moja, kisha plasta.

*

Atuganile aliamka jua likiwa limeshapanda juu ya migomba ya nje. Aliuliza watoto, akaambiwa wako kwa jirani na wamekula. Akauliza kama kiberenge wamekirudisha, na Ambokile akacheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Walishikana mikono. Alikuwa hai, mkono wake ulikuwa na joto, na Ambokile alimshukuru Mungu kimoyomoyo, na madaktari, na reli, na spana.

Kisha akakunja mkono wa shati kumwonyesha plasta, na uso ukamnawiri kama wa mtoto aliyefika na ripoti nzuri ya shule.

Atuganile aliitazama plasta muda mrefu. Akamuuliza ameiweka saa ngapi. Ambokile akajibu, wakati amelala. Mkewe akasema, "Aa," na akageuza uso dirishani.

Ndipo Sista Perusi akaingia na sinia lake la dawa. Naye aliona plasta, akasita kidogo mlangoni. Alivuta kiti, akakaa upande wa Atuganile, na kwa mara hii alijitahidi kupunguza sauti. Alimweleza kwamba mwili wa mwanamke baada ya mimba kutoka haupumziki kama watu wanavyodhani. Unaweza kushika nyingine hata kabla wiki mbili hazijaisha. Na kwa damu aliyopoteza, mimba nyingine ya karibuni ingemweka pabaya. Kwa hiyo ni vizuri asiondoke bila kinga, ila kinga ipi, hilo ni lake. Akamtajia zilizopo: sindano, vidonge, kijiti cha kawaida, kondomu, na kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni kabisa, ingawa miezi ya mwanzo hedhi huongezeka.

"Na Ubia?" aliuliza Atuganile, bila kugeuka.

Sista Perusi alijibu kwa haki. Alisema hatausema vibaya, amewaona wengi wanaofurahi nao. Nusu dozi ni nusu ya kichwa, na mume anayejitolea kubeba ni wa kushukuriwa. Lakini lazima amwambie na upande wa pili. Siku akitaka kukitoa, iwe kwa maumivu au kwa sababu amebadili nia tu, hatakitoa bila dole la mumewe. Awe safarini, wawe wamegombana, awe anafikiria kwamba mkewe avumilie kidogo zaidi, kitakaa.

"Nisipokubali, chake kinakuwaje?"

"Kinabaki mkononi mwake mpaka kiishiwe dawa, mwaka wa tatu huko. Au mpaka wewe uweke dole kitoke."

Atuganile alifumba macho. Sista Perusi alielewa, akabeba sinia lake, akasema atarudi baadaye na hakuna haraka.

Walipobaki wawili Ambokile alijaribu kueleza. Alisema hakuwa na nia mbaya, na mkewe akasema anajua. Alisema alitaka kushukuru, hakuwa na njia nyingine ya kushukuru. Mkewe akasema hilo nalo analijua, na ndilo gumu.

"Ingekuwa ubaya, Baba Ipyana, ningeukataa, yakaisha," alisema. "Lakini ni wema. Nimeamka nikakuta nimeshajibiwa, na jibu ni zuri, na mji mzima utaliona mkononi mwako. Nikisema hapana, mimi ndiye mke asiye na shukrani. Na wewe ndiye uliyenibeba."

Ambokile aliangalia plasta yake, na kwa mara ya kwanza akaiona kama ni ya mtu mwingine. Atuganile aliomba aachwe alale kidogo, afikiri. Akatoka.

*

Alienda uani, kwenye jiko la hospitali, kumtafutia uji. Alikuwa amesimama kwenye foleni na kikombe mkononi pale kichwa kilipoanza kumuuma. Kilianza nyuma ya jicho la kushoto, polepole, kama mtu anayegonga hodi kwa adabu. Kabla hajafika mbele ya foleni kilikuwa hakigongi tena, kimeshaingia ndani na kuanza kuhamisha samani. Mwanga wa jua juu ya mabati ulimchoma. Harufu ya uji, aliyoipenda tangu utoto, ilimpindua tumbo, akaacha kikombe juu ya ukuta na kwenda kutapika nyuma ya migomba.

Kwa hiyo ndicho hiki, alijisemea akiwa ameinama pale. Mwaka mzima mkewe alikuwa anatembea na hiki. Alikuwa akimwekea kitambaa chenye maji baridi kwenye paji la uso na kujiona mume mwema, halafu akiuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Alivumilia kadiri alivyoweza, tena kwa majivuno fulani, maana si alikuwa amesema angebeba yote? Majivuno hayakudumu. Maumivu yalipofika kwenye meno, Ambokile alienda akishikilia ukuta mpaka kwenye kibanda cha rangi ya chungwa, akaketi, akanyoosha mkono na kuomba kitolewe.

Sauti ilimkaribisha kwa jina. Ikamwambia kwamba ombi lake limepokelewa na linasubiri ridhaa ya mwenza.

Ambokile aliiambia kwamba kichwa chake kinapasuka. Sauti ikasikitika naye. Ikamwambia kwamba siku za mwanzo ni ngumu kwa wengi na kwamba uvumilivu ni sehemu ya ubia. Aliiambia kwamba mkono ni wake. Sauti ikarudia kuhusu ridhaa, kwa utamu uleule.

Alishuka kitini akakaa chini, mgongo ukutani, akafumba macho, na katika giza lile lenye cheche akawa anawaza kisima chake, kwa kuwa ndicho alichokijua. Funguo mbili ni za kufungulia. Mvuke ukitoka unaweza kumchoma yeyote aliye jukwaani, kwa hiyo wote wa jukwaani wakubali. Lakini kufunga ni jambo jingine. Kila kisima kina mpini mwekundu pembeni, na mpini huo hauna ufunguo hata mmoja. Anayeungua anauvuta. Haitishi kikao, haombi ruhusa, wala hangoji mwenzake akubali kwamba kweli anaungua. Hata mpishi wa kantini akipita akaona hatari, anavuta, na kesho yake hakuna wa kumgombeza. Bila mpini ule hakuna mtu mwenye akili angepanda jukwaani, hata angepewa funguo kumi.

Mafundi wa Ubia, na baraza lililowapigia makofi, na yeye Ambokile aliyekaa kwenye kile kiti kwa furaha, wote walikuwa wamejenga kisima kisicho na mpini. Tena walikuwa wanataka kukijenga ndani ya mkono wa mwanamke aliyelala.

*

Kurudi wodini ilikuwa safari. Si kwa ajili ya kichwa tu. Njiani aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuionja katika ndoa yake, kwamba maumivu yake sasa yako mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo ana sababu zote za kusema ngoja. Angeweza kumwambia avumilie hadi kesho ajifunze. Angeweza kutaka kwanza wamalize mazungumzo. Ambokile alipanga maneno ya kumbembeleza, akayapanga upya, na kila alivyoyapanga aliona aibu zaidi kwamba anayahitaji.

Atuganile alikuwa macho. Sista Perusi alikuwa kando yake anampima presha. Ambokile alisimama miguuni pa kitanda, ameshika chuma, na kusema kwamba anaomba kitolewe. Alikuwa anaanza kueleza lini kichwa kilianza na amevumilia kwa kiasi gani, pale mkewe alipoutoa mkono nje ya shuka na kumwomba Sista Perusi kifaa cha wodini cha kuwekea dole la ridhaa.

"Sijamaliza kukueleza," Ambokile alisema.

"Kichwa ni chako," alisema Atuganile. "Unieleze nini?"

Akabonyeza dole. Kifaa kikalia mara moja, na ikawa imekwisha. Sista Perusi alimkalisha Ambokile kwenye kiti, akamtia ganzi, akakichomoa kile kijiti, kidogo kama punje ya mchele, akakitupa kwenye ndoo ya taka za wodi pamoja na pamba, kisha akamfunga bandeji mkononi. Akamwambia kichwa kitatulia kufikia jioni, na asiendeshe kitu chochote chenye reli.

Ambokile alibaki kitini. Alikuwa amepona nusu kwa kule kujua tu kwamba kimetoka, lakini kuna kitu kilimkaa vibaya, akakitazama usoni. Ingekuwa kinyume, ingekuwa ni Atuganile amesimama pale ameshika chuma, je, yeye angebonyeza? Angebonyeza, ndiyo, alikuwa anampenda. Lakini angeuliza kwanza. Angeuliza ni kweli kinauma hivyo, na kama amejaribu kunywa maji, na watakuwa wanatumia nini badala yake, na hayo yote angeyaita kujali. Mkewe hakumuuliza hata moja. Alijijua vya kutosha kuona tofauti, na hakuipenda, na alishukuru kwamba hatapewa nafasi ya kuithibitisha.

Akamwambia hivyo, mbele ya Sista Perusi, bila kupamba. Akamweleza na habari ya mpini mwekundu. Atuganile, ambaye kabla ya kuzaa alikuwa amefanya kazi kisima cha pili, alisikiliza akiitikia kwa kichwa taratibu, na macho yakamlegea.

"Asante kwa kutaka kubeba," alisema. "Nia hiyo sikuitupa. Naomba uelewe sikuitupa."

Ambokile akauliza basi yeye kazi yake ni ipi, kama ufunguo si wake. Aliuliza kwa dhati, kama mtu mgeni kazini. Sista Perusi alicheka kwa sauti yake yote, mgonjwa wa kitanda cha pili akashtuka. Akamwambia kazi ni nyingi na hazina plasta. Ajue dalili za hatari, damu ikirudi kwa wingi au homa ikipanda, amlete bila kungoja kupambazuke. Asimguse mpaka yeye mwenyewe awe tayari. Ipyana akilia usiku, aamke yeye. Akitaka kujua njia zote za uzazi wa mpango, na za wanaume zikiwemo, aje siku yake, mlango uko wazi. Na akiulizwa anaonaje, aseme ukweli, kisha anyamaze.

"Unaonaje?" Atuganile akamuuliza papo hapo.

"Naona ningependa usiumwe kichwa," alisema Ambokile. "Basi." Akanyamaza, na haikuwa rahisi.

Kisha Atuganile akasema jambo ambalo Ambokile hakulitegemea. "Naomba utoke kidogo. Nataka kuongea na Sista peke yangu."

Lilimchoma, hatutasema uongo. Baada ya yote hayo, baada ya kiberenge na machozi na kijiti na mpini, alidhani wameshafika mahali ambapo atakaa. Alisimama, akatafuta uso wa mkewe kuona kama kuna hasira, hakuiona. Kulikuwa na uchovu tu, na kumwamini. Akamwekea maji karibu na mkono, akatoka, akavuta mlango nyuma yake.

*

Koridoni, kijana mmoja wa kisima cha saba alikuwa mbele ya kibanda cha chungwa, anakunja mkono wa shati. Macho yake yalikuwa mekundu ya kulia, na alikuwa anatabasamu. Ambokile aliijua hali hiyo. Alikuwa nayo asubuhi. Kijana aliona bandeji mkononi mwake, akamwita kaka, akampa hongera ya nusu ya kwanza.

"Nimeitoa," alisema Ambokile.

Kijana alimtazama kwa huruma. "Shemeji amekataa?"

"Hakukataa. Hakuulizwa."

Hakuwa na hotuba zaidi ya hiyo, na kichwa kilikuwa bado kinamgonga. Akaketi benchini. Kijana alibaki amesimama na mkono wa shati uliokunjwa nusu, huku ile sauti tamu ikimkaribisha mara ya pili na ya tatu. Kisha akaja akaketi kwenye benchi naye, akawa anautazama mlango wa wodi.

Kungoja huko kulikuwa kugeni kwa Ambokile. Nyuma ya mlango ule maisha yake yalikuwa yanaamuliwa kwa kiasi fulani, na yeye hakuwa ndani. Alijua kisimani mtu aliyekaa chini ya jukwaa hana kazi. Lakini aligundua kwamba hakuwa na wasiwasi. Mwanamke aliyekuwa mle ndani alikuwa amekaribia kufa alfajiri, na sasa alikuwa anaongea, anauliza maswali, anapima hili na lile, anachagua. Kufikiria tu kwamba bado yupo wa kuchagua kulimrudishia ile shukrani ya asubuhi, nzima, na safari hii haikumsumbua pa kuiweka.

Mlango ulifunguka mchana umeanza kuinama. Atuganile alitoka, ameruhusiwa kwenda nyumbani, akitembea polepole, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na khanga kwa mwingine. Ambokile alisimama. Swali lilimfika ulimini, akalimeza. Alimpa mkono wa kuegemea, wakaanza kutembea kuelekea lango, hatua ndogo ndogo, wakipita kibanda, wakipita jiko la uji.

Walipofika uani Atuganile alisimama kupumua.

"Kitanzi," alisema. "Cha shaba. Hakina homoni, na hakina dole la mtu. Sista ameshaniwekea, na amenieleza kuhusu hedhi za mwanzo."

"Nimesikia," alisema Ambokile. "Asante kwa kuniambia."

"Na nikikichoka, nitarudi kukitoa."

"Nitakusindikiza." Aliposikia alivyolisema, kama mtu aliyekwisha kupanga, akajirekebisha. "Yaani, ukitaka."

Atuganile aliegemea mkono wake vizuri zaidi, akaanza tena kutembea.

"Nitataka," alisema.